Nyumba ya Uzee au Nyumba ya Matanga?

Wahenga walinena kwamba nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya anayehukumu mambo ya wengine kwa kuyatazama kwa mbali. Katika vijiji vya Kaunti ya Kakamega, hata hivyo, maneno hayo ni ya kweli bila fumbo lolote. Nyumba anamolala mzee mara nyingi huamuliwa na mtu asiyelala ndani yake: mwana aliye Nairobi, Mombasa au Nakuru, ambaye hurejea Desemba na kuondoka mara tu baada ya mwaka mpya. Hoja ya makala haya ni kwamba nyumba nyingi za wazee hujengwa kwa kuitazamia heshima ya siku ya mazishi, ilhali mahitaji ya miaka mingi inayotangulia siku hiyo hayatiliwi maanani.

Jambo hili si dogo. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Wakenya wenye umri wa miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni 1.9. Kufikia sensa ya mwaka 2019 walikuwa takriban milioni 2.7. Ni kweli kwamba Kenya bado ni nchi ya vijana. Lakini vijana huhamia mijini kutafuta kazi, na wanaobaki kulinda maboma ni wazee, hasa wanawake, ambao kwa kawaida huishi zaidi ya waume zao.

Mila za Waluhya kuhusu nyumba zinajulikana. Kijana akibaleghe hujenga simba yake. Mkaza mwana halali katika nyumba moja na baba mkwe. Kitinda mimba aghalabu hurithi boma la wazazi. Mwanamume akifariki bila nyumba kwao, huenda akajengewa kibanda cha haraka kabla ya maiti kuwasili, ili asizikwe kama mtu asiye na kwao. Ndiyo maana mtumishi wa umma anayestaafu akiwa na miaka 60 huona ni wajibu kukitumia kiinua mgongo chake kujenga kijijini.

Mila hizo hazikukosa busara. Mkaza mwana hakulala kwa wakwe, lakini nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwao, na wajukuu walilala kwa nyanya. Mzee alikuwa na mlango wake na bado alikuwa na watu wa kumsikia akikohoa usiku. Leo simba nyingi zimefungwa kwa kufuli. Umbali wa heshima umegeuka kuwa umbali wa safari ya basi ya usiku kucha. Mila imebaki na majengo yake, lakini imepoteza watu wake.

Hebu yatazamwe majengo yenyewe. Nyumba ya udongo huhitaji kusiribwa kila mara kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na kazi hiyo kwa desturi ni ya mwanamke. Ajuza wa miaka 75 asiyeweza kuinama huishia kutazama nyufa zikipanuka, na mvua ya Kakamega haina huruma. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ni nani wa kuuziba? Kwa upande mwingine, nyumba ya matofali inayosifiwa na wageni huwa na ngazi za kupandia veranda, vigae vinavyoteleza na choo cha shimo kilicho nyuma ya migomba, ambacho humlazimu mwenye magoti mabovu kuchutama gizani. Kizingiti kilicho sawa na ardhi, kishikio ukutani, kiti cha choo na taa ya njiani ni vitu vya gharama ndogo ikilinganishwa na mahema, vyakula na jeneza la fahari. Hata hivyo, harambee ya matanga hupata wachangiaji upesi, ilhali harambee ya kukarabati choo cha nyanya haijulikani.

Wapo watakaosema kwamba suluhisho ni kuwahamishia wazee mijini. Wazee wengi hukataa, na wana sababu. Kijijini kuna makaburi ya wenzi wao, ng'ombe, kanisa na jirani aitikaye. Wastaafu wengine wamechagua njia ya tatu ya kujenga vyumba vya kupangisha, mathalan Lurambi na Kefinco karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, ili kodi iwalishe uzeeni. Uamuzi huo ni wa busara, lakini ni wa mwenye ardhi na mtaji.

Serikali nayo haijanyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika vifungu vya 43 na 57, inataja haki ya makao bora na haki ya wazee kuishi kwa hadhi. Tangu mwaka 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi wamestahili shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Kaunti ya Kakamega, chini ya gavana wake wa kwanza Wycliffe Oparanya (2013–2022), iliwajengea nyumba baadhi ya watu wasiojiweza. Nayo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara. Hata hivyo, ghorofa la mjini linalolipiwa kwa miaka mingi halimfai bibi wa Malava au Shinyalu mwenye shilingi 2,000. Anachohitaji ni fundi. Mfuko mdogo wa ukarabati katika kila wadi ungewafikia wazee wengi kuliko nyumba mpya chache.

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba kiambishi kidogo cha -ni ndicho kinachotofautisha nyumba na nyumbani. Wana wengi wa Kakamega wamejenga nyumba. Kabla ya kuongeza chumba kingine Desemba ijayo, na walale usiku mmoja katika nyumba ya mama, waamke saa nane za usiku, watafute choo bila tochi. Hapo ndipo wataijua ila yake, tena mwenyewe akiwa hai.