Hata Kusikiliza Kesi Tu?

Watani wetu Wachaga hutucheka eti Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sisi wa Bombo, huku milima ya Upare, hatubishi. Kesi tunazipenda, na kesi isiyo na wasikilizaji kwetu si kesi. Ndiyo maana yaliyotokea Mei 2025 bado yanatukera.

Kiongozi wetu wa upinzani, Tundu Lissu, alikuwa mahakamani Dar es Salaam kwa shtaka la uhaini, majirani wakafunga safari waje kusikiliza. Martha Karua, waziri wa sheria wa zamani wa Kenya, akarudishwa kutoka uwanja wa ndege. Willy Mutunga naye akazuiwa. Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, jamani, ananyimwa benchi la mahakama! Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliingia, wakakamatwa, na siku chache baadaye Mwangi akatupwa Ukunda, Kenya, na Atuhaire mpakani Mutukula. Wote wawili wamesema waliteswa. Wakubwa wakatuambia wageni wasije kuingilia mambo yetu.

Mambo yetu yapi? Dalali wa tangawizi anapanda huku, anashindilia gunia mpaka linaota nundu, halafu analipa bei ya gunia la kawaida. Lumbesa hiyo ikivuka mpaka wa Holili kwenda Kenya, hakuna anayeuliza nani anaingilia nini. Hapo tunaambiwa ndiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuchangamkie soko.

Na wakubwa wenyewe mpaka hawaujui. Novemba 2024 mwanasiasa wa upinzani wa Uganda, Kizza Besigye, alichukuliwa Nairobi, akaibukia mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025 Maria Sarungi, Mtanzania mwenzetu anayeishi Kenya, akatekwa hukohuko Nairobi, akaachiwa baada ya saa chache. Oktoba mwaka huo wanaharakati wawili wa Kenya wakatoweka Uganda, hawakuonekana hadi Novemba. Kwenye kuchukua watu, mipaka ilifunguka zamani. Mwananchi akitaka kumpa pole mwananchi mwenzake, ndipo pasi inakaguliwa.

Wapo hapahapa kijijini wanaotuambia tunyamaze, siasa si zetu. Tangu lini? Mwaka 1945 watu wa Usangi, Ugweno na Mamba waliteremka milima kwa miguu, maelfu kwa maelfu, wakapiga kambi Same kupinga kodi ya mbiru. Mwaka uliofuata akina mama wa Usangi nao wakajitosa. Mkoloni alingoja wachoke. Hawakuchoka, na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Mtu wa Mamba hakuulizwa ya Usangi yanamhusu nini.

Aibu nyingine ni yetu wenyewe. Jirani akifiwa tunachanga, hata kama tulikuwa hatusalimiani. Mwangi na Atuhaire yamewakuta kwa ajili ya kesi ya kwetu, na hatujachanga hata nauli ya mjumbe mmoja wa kuwapa pole.

Julai 2025 walifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Arusha si mbali, ukiwahi basi Same asubuhi, mchana umefika. Sasa tunauliza mapema, kabla hatujapitisha bakuli: Mpare akienda kukaa benchi la nyuma kule, naye atakuwa ameingilia mambo ya nani?