Kundi Lililoundwa Mezani kwa Majaji



Hapa Tukuyu kuna usemi unaozidi kuota mizizi miongoni mwa vijana, ya kwamba mwenye sauti njema hana haja ya kujichosha kwa mazoezi ya kwaya. Angoje tu shindano la televisheni limwibue. Usemi huo tunaupinga.

Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilitafuta katika Afrika Mashariki, si mwimbaji mmoja, bali kundi kwa kila nchi. Uganda ikapata Blu*3, Kenya ikapata Sema, nasi tukapata Wakilisha: Witness, Langa na Shaa. Vipaji walikuwa navyo, hilo hatulibishi. Lakini kundi halikudumu, kila mmoja akashika njia yake. Shaa aliendelea vema peke yake. Langa Kileo alisimulia hadharani jinsi dawa za kulevya zilivyomtesa, akawaonya wenzake, na akafariki Juni 2013 angali kijana. Hatusemi kwamba shindano ndilo lililomfikisha huko, tungekuwa waongo. Tunauliza tu: kinywaji kikisha kutangazwa na taa kuzimwa, ni nani abakiye na vijana hao?

Huko Uingereza hali ni ileile, ila kwa fedha nyingi zaidi. Vijana watano walikwenda The X Factor mwaka 2010, kila mmoja kivyake. Majaji wakawaunganisha, wakaitwa One Direction, wakashika nafasi ya tatu. Usikilizeni muziki wao. Kila mmoja hupewa mstari kwa zamu, kisha kiitikio hupigwa kwa kishindo. Unapendeza, tusiwe wanafiki. Lakini sauti hizo hazitegemeani. Zayn Malik alipoondoka Machi 2015, waliobaki waligawana mistari, na Novemba mwaka huohuo wakatoa albamu ya tano kana kwamba hakuna aliyepungua. Mwondoeni mwimba besi katika kwaya yoyote ya Rungwe, iwe yetu au ya ndugu zetu Wamoravian, muone kama wimbo hautachechemea! Liam Payne, mmoja wa watano hao, alifariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 31.

Mtatujibu kuwa kwaya hailipi. Ni kweli, hailipi. Hata sare twachangishana. Lakini kwaya haimwiti asiyejua kuimba mbele ya kamera ili nchi nzima imcheke, jambo ambalo mashindano haya hulifanya kwa makusudi, kwa kuwa kicheko nacho huuzwa.

Anayetaka kwenda kwenye usaili na aende, hatumfungii mlango. Ila mkataba ausome pamoja na mzazi na mtu anayeijua sheria kabla ya kutia sahihi, nasi tutamwekea nafasi yake katika safu ya tena.