Zulia ni Amana: Kuondoa Doa na Kuondoa Najisi



Katika safu ya wiki hii tunawageukia vijana wanaotafuta riziki ya halali kwa kusafisha mazulia, pamoja na akina mama wanaoyatunza majumbani. Tumeuchukua mji wa Chato, mkoani Geita, kuwa mfano wetu, kwani huko hukutana madoa ya kila namna: vumbi jekundu la barabarani, mafuta ya samaki wa Ziwa Victoria, chai na manjano ya jikoni, na hata zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Fundi akikabidhiwa zulia, amekabidhiwa amana. Akiliunguza kwa dawa, amepoteza mali ya mwenziwe. Akilirudisha linang'aa ilhali lina najisi, amewatia watu mashakani katika sala zao.

Sanduku la fundi

Sanduku hili halihitaji mtaji mkubwa. Ndani yake pawe na glavu za mpira, vitambaa vyeupe vya pamba, brashi laini, kijiko butu cha kukwangulia, chupa ya kupulizia na ndoo mbili, moja ya maji safi na nyingine ya maji machafu. Vitambaa viwe vyeupe ili rangi ya zulia ikianza kuchuja ionekane mara moja. Kisha ziongezwe sabuni ya maji isiyo kali, siki nyeupe, ndimu, chumvi, poda au unga laini wa mahindi, na spiriti kidogo kwa ajili ya wino.

Kabla ya dawa yoyote, fundi aijue nyuzi. Achomoe uzi mmoja pembeni na kuuchoma mbali na zulia. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika, hiyo ni sufu; ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, ni nyuzi za kiwandani. Sufu haivumilii jiki, kwani huila. Dawa ijaribiwe kwanza kwenye kona iliyofichika, na fundi asubiri dakika 10.

Kila doa na dawa yake

Vumbi jekundu lisimwagiwe maji kwanza, kwani litageuka tope na kuzama. Liachwe likauke, zulia likung'utwe, ndipo lioshwe. Mafuta ya samaki yanyunyiziwe poda au unga, yaachwe yanyonywe, kisha yafuatiwe na kijiko kimoja kidogo cha sabuni katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Doa la chai lipulizwe siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa mbili. Damu ioshwe kwa maji baridi tu. Ya moto huigandisha kwenye nyuzi. Manjano yaliyobaki baada ya sabuni hufifia kwa jua. Kutu kwenye zulia jeupe la nyuzi za kiwandani hulegea kwa ndimu na chumvi.

Katika yote hayo, doa lidonolewe kwa kitambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, wala lisisuguliwe kwa nguvu. Sabuni isuuzwe mpaka iishe. Ikibaki, huvuta uchafu mpya.

Najisi ina hukumu yake

Hapa ndipo fundi Muislamu anapotakiwa kuwa na elimu zaidi ya dawa. Siki na poda huondoa rangi, lakini hazitwahirishi. Mkojo na damu huondolewa kwanza vyenyewe, kisha maji safi humwagwa juu ya mahali hapo. Ni mashuhuri katika Bukhari na Muslim kwamba Bedui alipokojoa msikitini, Mtume (s.a.w.) aliwazuia Maswahaba wasimkatize, kisha akaamrisha ndoo ya maji imwagwe pale.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, maji machache yakiingiwa na najisi nayo hunajisika. Kwa hiyo zulia lisitumbukizwe katika beseni, bali maji yamiminwe juu yake na kutiririka. Baada ya juhudi, rangi pekee ikibaki na kushindikana kutoka, imesamehewa. Mazulia yenye najisi yatengwe, yasifuliwe pamoja na ya wengine.

Hatari zisizoonekana

Jiki isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwani hutoa gesi ya klorini. Wala na amonia, kwani hutoa gesi nyingine ya sumu. Mkojo uliokaa huwa na amonia, hivyo kuumwagia jiki chumbani ni kujiingiza katika hatari hiyohiyo.

Zebaki ni kubwa zaidi. Mchimbaji akiimwaga sebuleni, isifagiliwe, isifuliwe, wala isivutwe kwa mashine, kwani mashine huitawanya hewani kwa mvuke usioonekana. Watoto watolewe, madirisha yafunguliwe, zulia lisikanyagwe, na afisa afya aitwe aelekeze namna ya kulikata, kulifunga na kulitupa. Fundi anayeletewa zulia la namna hiyo alikatae, hata kama malipo ni makubwa. Hakuna ujira unaolingana na figo na ubongo wa mwanadamu.

Vilevile maji machafu yasielekezwe ziwani. Zebaki ikifika majini hugeuzwa na vijidudu kuwa sumu inayojikusanya katika samaki, nasi ndio tunaowala. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mwenye karakana ya kufulia na aizingatie tangu siku ya kwanza.

Vijana wetu wasiidharau kazi hii kwa kuwa ni ya brashi na ndoo. Anayekitwahirisha kitambara cha mwenziwe ili asujudu bila wasiwasi anashiriki katika jambo kubwa, na ujira wake ni halali akiifanya kwa uaminifu.

Wabillahi tawfiiq.