Si Mkono wa Mtu

Huko Fizi na Baraka, kama penginepo pote, hutokea mtoto akazaliwa mzima, akacheka, akaanza kukaa. Kisha akarudi nyuma. Shingo inalegea, macho yanapoteza shabaha, degedege linamshika. Hapo majirani huanza kunong’ona: “Pana mkono wa mtu.” Na kidole huelekezwa upesi kwa mama, hasa ikiwa amekwisha kumzika mwingine kwa dalili zizo hizo.

Natuyapime maneno hayo. Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, na ndani ya karibu kila chembe mna meko madogo sana yaitwayo mitokondria. Meko hayo hutwaa chakula tulacho na hewa tuvutayo, yakavigeuza kuwa nguvu. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu hizo. Basi meko yakififia, ubongo huona njaa mapema. Na ule wa mtoto, ambao bado unajengwa, huumia zaidi.

Mwaka wa 1951 tabibu Mwingereza, Denis Leigh, alieleza habari za mtoto mchanga aliyekufa kwa kuharibika ubongo. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake, na baadaye wataalamu wakagundua kwamba asili yake ni meko hayo. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 2, pengine baada ya homa.

Kosa hurithiwa kwa njia mbili. Mitokondria zina urithi wao wa pekee, jeni 37, utokao kwa mama. Lakini maagizo mengine mengi ya kuziunda hutoka kwa baba na mama pia. Wazazi wawili wazima kabisa huweza kubeba kosa moja pasipo kujua, na kila mimba ikawa na hatari 1 katika 4. Ndiyo sababu ndugu wawili huweza kupatwa. Hakuna aliyeroga, wala aliyechagua.

Tena, si kila degedege ni ugonjwa huu, maana ni wa nadra: hukadiriwa kumpata mtoto mchanga 1 katika 40,000. Malaria kali na homa ya uti wa mgongo hutibika zikiwahiwa. Kwa hiyo mpelekeni mtoto kituo cha afya siku ile ile. Ikiwa nduguye alikufa vivyo hivyo, mwambieni tabibu mapema, kwa kuwa valproati, dawa ya kifafa, huweza kuharibu ini la baadhi ya watoto hawa. Dawa ya kuuponya kabisa ugonjwa wa Leigh haijapatikana. Lakini kutibu homa upesi, na kutomwacha mtoto akae na njaa, ni msaada mkubwa.

Wanaomshtaki mtoto kuwa ni mchawi wajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 huwatia hatiani.

Nanyi akina baba, kumfukuza mke hakuondoi ugonjwa. Huondoa tu mikono iliyokwisha kujifunza kumlisha mtoto huyo bila chakula kumpalia.