Riwaya Iliyonivunja Moyo
Mimi niliyelelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla, tangu siku nilipokisoma kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, sikudhani kwamba riwaya hii ya upelelezi, niliyoinunua kwa shauku na kukesha nayo hadi adhana ya alfajiri, ingenitia huzuni kiasi hiki. Watu wauawa kila sura, bastola zalia, magari yafukuzana, wala msomaji hapati nafasi ya kumjua hata mmoja wa marehemu hao, seuze kumlilia. Kisha muuaji, aliyesakwa tangu ukurasa wa kwanza, adhihirika mwishoni kuwa ni mtu ambaye hatukupata kutajiwa hata jina lake! Hiyo kwangu ni khiyana, kwa kuwa mwandishi wa fumbo ana ahadi na msomaji wake ya kumwekea dalili mbele ya macho. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, aliifikia haki kwa kuuliza na kutafakari, hali mwenzake Najum na sisi wasomaji sote twamfuata nyuma. Na lugha je? Jambazi, hakimu na bikizee muuza vitumbua, wote wasema kwa ulimi mmoja.