TV imening'inia, lakini imeshikwa na nini?

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa dada yangu, Kimara. Tumemaliza kula, watoto wamejilaza kwenye mkeka chini ya TV wakiangalia katuni, mimi nikawa naangalia ukuta. Ni ukuta mzuri, lazima niseme. Shemeji alimlipa fundi auvalishe jipsamu kuanzia sakafuni hadi darini, akaweka taa za rangi pembeni, vishubaka viwili vya maua, na katikati TV ya inchi 55. Kilichonivuta macho kilikuwa juu ya TV. Kulikuwa na ufa mwembamba wa kivuli ambao nilipokuja mara ya mwisho haukuwepo.

Nikainuka, nikachungulia kwa tochi ya simu. Breketi ilikuwa imeachana na ukuta kwa upande wa juu, kiasi kwamba ncha ya kidole changu iliingia. Jipsamu iliyozunguka skrubu ilikuwa imemeguka na kuwa unga.

"Dada, hebu watoe watoto hapo."

"Waache wamalize katuni yao, mdogo wangu."

"Watoe kwanza, nitakueleza."

Mtoto wake wa mwisho ana miaka mitatu. Kichwa chake kilikuwa kama nusu mita kutoka ukutani, chini kabisa ya TV. Tulipowahamishia chumbani, mimi na shemeji tukaishika TV huku na huku tukaishusha. Skrubu mbili za juu zilitoka zenyewe. Hatukuhitaji bisibisi.

Kwa kazi yangu nimezoea kuandika kuhusu chanjo, malaria na lishe. Sikuwahi kufikiri ningeandika kuhusu skrubu. Lakini siku hizi kuta za jipsamu zimejaa sebuleni mwetu, na TV zinazidi kukua, na wanaokaa chini yake ni watoto. Kwa hiyo wiki hii naomba tuuzungumzie ukuta.

Jipsamu yenyewe ni nini? Ni ubao wa unga uliogandishwa katikati ya karatasi mbili ngumu. Ule unaotumika sana ukutani una unene wa milimita 12 hivi. Fundi haubandiki moja kwa moja kwenye tofali. Anatangulia kufunga fremu, ya chaneli za bati au ya mbao, kisha anapigilia jipsamu juu yake kwa zile skrubu nyeusi nyembamba. Katikati ya jipsamu na tofali kunabaki uwazi, ambao unaweza kuwa wa sentimita mbili au hata saba, kutegemea fremu. Ukigonga ukuta wa namna hiyo unasikia mlio wa ngoma, ila pale fremu inapopita.

Sasa fundi anayetundika TV akifika, anaona ukuta ulionyooka, umepakwa rangi. Anatoboa, anaingiza plagi ya plastiki, anakaza skrubu. Inashika, na siku hiyo inapendeza. Kumbe plagi hiyo imetengenezwa ili itanuke ndani ya tofali au zege, ibanwe pande zote. Ndani ya milimita 12 za unga haina cha kubana. Nyuma yake ni hewa tupu.

Na uzito haukai kimya. TV ya inchi 55 nyingi zina kilo 15 hivi, nyingine zaidi. Utasema mbona ni chache, ndoo ya lita 20 ikijaa maji inazidi hapo na dada wa kazi anaibeba. Sawa, lakini ibebe ndoo hiyo ikiwa imekugusa paja, halafu jaribu kuishika ukiwa umeunyoosha mkono mbele. Breketi ya dada yangu ilikuwa ya mkono, ile unayoivuta TV itoke ukutani na kuigeuza upande wa meza ya chakula. Shemeji alikuwa anaivuta kila siku ya mpira. Mkono ukitoka nusu mita, na skrubu za juu na za chini za breketi zikiwa zimeachana sentimita 20, TV ya kilo 15 inazivuta zile za juu kwa nguvu inayokaribia kilo 38. Hapo hujaongeza mtoto aliyeirukia kwa sababu ameona mbwa wa kwenye katuni.

Ongeza na unyevu. Sisi tunaoishi Dar tunajua ukuta wa nje unavyotoa jasho msimu wa mvua. Jipsamu ikinyonya maji inalainika, na mara nyingi rangi ya juu haionyeshi chochote.

Shemeji alimpigia fundi wa kwanza palepale. Akajibiwa kwamba jipsamu ile ni imara, labda watoto walikuwa wanaichezea TV. Simu ya pili haikupokelewa. Sitamlaumu sana peke yake. Alilipwa shilingi 30,000 atundike TV, akatundika. Hakuna kati yetu aliyemuuliza anaitundika kwenye nini.

Jumatatu dada akamleta mzee mmoja, seremala wa mtaani kwao. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini niende kushuhudia. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo huu mgonjwa?"

Akaweka sikio ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha akatoa kwenye mfuko wake spoku ya baiskeli, akaiingiza kwenye tundu la zamani la skrubu. Ikazama, ikazama, ikagota. Akaweka kidole pale ilipoishia, akaitoa, akapima kwa tepu. Sentimita sita na kitu. Ukitoa unene wa jipsamu unabaki uwazi wa inchi mbili.

"Aliyefunga hapa alifunga kwenye biskuti," akasema. "Ukuta wenyewe uko kule nyuma, hata hajaugusa."

Nikamuuliza kama hatuwezi kununua tu bolti ndefu zipite jipsamu mpaka kwenye tofali. Akanipigia hesabu nzuri. Jipsamu na uwazi ni sentimita sita. Lipu ni moja na nusu, nayo haihesabiki kwa sababu haibebi kitu. Ndani ya tofali unataka walau sentimita tano au sita. Hapo tayari una bolti ya zaidi ya sentimita 13. Bolti hizo zipo, lakini sehemu kubwa ya mwili wake itakuwa inaelea hewani kati ya tofali na jipsamu, na chuma chembamba kinachoelea kinapinda taratibu. Halafu ukiikaza sana, breketi inaibonyeza jipsamu kuelekea kwenye ule uwazi hadi ipasuke. Usipoikaza, TV inacheza.

Alichofanya ni hiki. Alishuka kwanza kwenye swichi kuu akazima umeme wa nyumba nzima. Kisha akakata mstatili wa jipsamu, mdogo kuliko TV ili kovu lijifiche nyuma yake. Tukaona tofali zenyewe, na waya wa soketi ukipanda wima kuelekea darini, sentimita chache kutoka kwenye tundu moja la fundi wa kwanza. Dada alipouona alikaa kwenye kochi. Kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka kwenye soketi au swichi, kwa hiyo usiruhusu mtu atoboe juu wala chini ya soketi kwa kukisia.

Ndani ya uwazi ule mzee akaweka vipande viwili vya mbao ya mkongo vya inchi mbili kwa nne, vimelala, kimoja juu na kingine chini. Kila kipande akakifunga kwenye tofali kwa bolti nne nene za kutanuka, zikiingia ndani ya tofali lenyewe. Alipokuwa anatoboa aliangalia unga unaotoka. Kwenye tundu moja ulitoka mchanga mtupu, drili ikazama kama kwenye mkate. Akaliacha, akasogea sentimita kumi. Tofali zetu tunazijua, nyingine zimepigwa kwa saruji ya kunusa tu.

Baadaye akarudisha kile kipande cha jipsamu juu ya mbao, akaziba mipaka, na breketi akaifunga kwa skrubu nene zinazokazwa kwa spana, zikipita jipsamu na kuuma mbao. Sasa jipsamu imebanwa kati ya chuma na mbao, haina pa kubonyea. Uzito unatoka kwenye TV, unaingia kwenye mbao, unaingia kwenye tofali.

Kuhusu breketi ya mkono kulikuwa na mvutano kidogo. Shemeji aliitaka irudi. Mzee akamwambia inawezekana, mbao itaibeba, "lakini baba, mwenye nyumba huyu wa miaka mitatu akijua inavutika, ataivuta." Ikanunuliwa ya bapa, inayolala karibu na ukuta. Kazi yote, pamoja na mbao na bolti, ilifika shilingi 85,000. TV yenyewe ilinunuliwa kwa zaidi ya milioni moja.

Wengine mtaniandikia kwamba zipo bolti zenye mabawa yanayofunguka nyuma ya jipsamu. Zipo, na kwa picha au TV ndogo isiyosogezwa zinafaa. Lakini uzito ulioandikwa kwenye pakiti hupimwa kwa ubao mpya na mkavu. Mimi nikiwa na ukuta wa tofali sentimita tano nyuma yake, na mtoto mbele yake, sioni kwa nini niiamini karatasi.

Kama umepanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, usidhani kwamba meza ni salama zaidi. Jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha mwaka 2013 utafiti uliopitia miaka 1990 hadi 2011. Nchini humo, kwa wastani watoto zaidi ya 17,000 kila mwaka walifikishwa kwenye vitengo vya dharura kwa majeraha yanayohusu TV. Zaidi ya nusu yao TV iliwaangukia, na wengi walikuwa chini ya miaka mitano. Ni umri ule wa kupanda droo za kabati kama ngazi ili kufikia rimoti iliyowekwa juu. TV za chogo ni hatari kwa namna yake, maana uzito wake wote uko mbele kwenye kioo. Weka TV kwenye kabati fupi na pana, isukume hadi ukutani, ifunge kwa mkanda imara kwenye kabati, na kabati lenyewe lifungwe ukutani. Mwombe mwenye nyumba matundu mawili tu. Rimoti, biskuti na midoli visikae juu ya TV wala juu ya kabati hilo.

Na ikitokea imemwangukia mtoto? Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa na kizito ukilinganisha na mwili wake, ndiyo maana mara nyingi ndicho kinachoumia. Tuache kukandamiza nundu kwa kijiko au kuikanda kwa maji ya moto. Weka kitambaa cha maji baridi, kisha mwangalie. Mpeleke hospitali mara moja kama alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika zaidi ya mara moja, amepata degedege, anasinzia kuliko kawaida au ni mgumu kuamka, analia bila kubembelezeka, mboni za macho hazilingani, au anatoka damu au majimaji puani au masikioni. Akiwa mchanga, angalia pia kama utosi umevimba. Kama ameangukiwa na kitu kizito kama TV, mimi ningempeleka hata kama anacheza, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole na dalili zikaja saa kadhaa baadaye. Kama unashuku shingo imeumia, usimwinue hovyo. Shikilia kichwa na mwili pamoja, katika mstari mmoja.

Leo usiku, watoto wakilala, pitisha tochi ya simu nyuma ya TV yako. Angalia sehemu ya juu ya breketi. Gonga ukuta pembeni yake usikilize. Kama unalia ngoma na hujui skrubu zimeishia wapi, mpigie aliyeitundika umuulize urefu wake. Asipojua, ishushe.

Kabla TV ya dada haijarudishwa, mzee alimwita shemeji: "Baba, njoo uvute." Shemeji akashika breketi kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, uso ukabadilika rangi. Haikutoa hata mlio. Watoto wakashangilia, nao wakataka zamu zao, dada akawafukuza. Jioni alinitumia picha ya sebule. TV iko ukutani, taa za rangi zinawaka, na mkeka ameuhamishia upande wa dirishani.