Saa ya Ndege na Saa Yetu

Likizo ya Desemba inakaribia, na katika nyumba nyingi za Same, Hedaru, Gonja na Usangi mazungumzo ya safari yamekwisha kuanza. Tangawizi ya Mamba imeuzwa, mchango wa kaka aliye Dar es Salaam umefika, na watoto wameahidiwa Unguja. Miaka ya nyuma safari kama hiyo ilikuwa na njia moja tu: basi hadi Dar, kisha boti. Siku hizi familia zisizo tajiri nazo zinauliza bei ya ndege, hasa pale anapokuwapo mzee ambaye miguu yake haivumilii tena saa nane za kukaa kwenye kiti cha basi. Hilo ni jambo jema. Lakini tumeona kuwa wengi wetu huuliza swali moja tu, nalo ni bei, na swali la saa huachwa liamuliwe na wakala wa tiketi. Wakala huyo halali Same, wala hamjui bibi yetu.

Tuanze na kiwanja chenyewe. Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro, ambacho sote tunakiita KIA, kilifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare ya Sanya, kati ya Moshi na Arusha. Kutoka Same hadi Moshi ni kilomita kama 105, na kutoka Moshi hadi KIA ni kama 40 nyingine. Kwa gari la kukodi, pamoja na vituo vya ukaguzi na foleni za malori, mtu mwenye busara huhesabu saa tatu. Anayeshuka kutoka milimani hana budi kuongeza mwendo wa kona za Mamba au Vudee, na Desemba ni mwezi wa vuli. Udongo mwekundu ukilowa, gari lililopanda jana huenda leo lisishuke. Kwa hiyo watu wa milimani washuke Same siku moja kabla na walale kwa ndugu. Tena ni fursa ya kuunga udugu.

Kuna mtego mdogo ambao umewahi kuitesa zaidi ya familia moja. Kwenye tiketi KIA haiandikwi KIA, bali huandikwa JRO. Ukiona ARK, huo ni uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, ambako ndege ndogo nyingi za kwenda Zanzibar huanzia safari. Kutoka Same hadi Kisongo ni takriban kilomita 190. Nauli ya ARK inaweza kuonekana nafuu kwenye simu, lakini unafuu huo humezwa na mafuta ya gari kabla hamjafika Usa River. Aidha, ndege hizo ndogo kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu za mzigo kwa kila abiria, na hupendelea mabegi laini. Mama aliyefunga nguo za watoto wanne, mchele na zawadi za mashangazi wa Ng'ambo katika sanduku moja gumu atakuja kubishana na mizani, na mizani haijawahi kushindwa.

Sasa tuje kwenye saa yenyewe, maana hapa ndipo penye uzito. Tiketi husoma saa kwa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na linapozama. Tiketi ikiandika 07:00, hiyo ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. Ikiandika 19:00, ni saa moja ya jioni. Hesabu yake ni nyepesi: toa sita. Lakini makosa makubwa hayatokei hapo, yanatokea kwenye tarehe. Ndege ya saa 01:15, tarehe 20, Ijumaa, huondoka saa saba na robo ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Maana yake ni kwamba mnatakiwa muwe kiwanjani Alhamisi usiku. Wapo waliofunga mizigo kwa utulivu mchana wa Ijumaa, wakaswali Isha, wakaondoka Same kwa furaha, na walipofika kiwanjani wakaambiwa ndege yao ilikwisha kuruka tangu jana.

La kustaajabisha ni kwamba sisi Waislamu ndio tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Kwetu usiku hutangulia mchana. Tunaposema usiku wa Ijumaa, wazee wetu walimaanisha Alhamisi baada ya Magharibi, na mwezi mwandamo wa Ramadhani huanza kwa Tarawehe kabla ya kuanza kwa kufunga. Basi tiketi ya saa saba usiku isomwe kwa jicho hilo hilo, na familia itasalimika.

Jambo la pili katika saa ni swala. Wengi hudhani kuwa safari ya anga lazima ivuruge swala zote, na kwa sababu hiyo ama huingiwa na wasiwasi mkubwa au, Mungu atuepushe, huziacha. Ukitazama kwa makini utaona si hivyo. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, na kupunguza zile za rakaa nne. Umbali wa Same hadi KIA unazidi kile kiwango cha takriban kilomita 80 ambacho wanavyuoni wengi wa madhehebu ya Shafi hukikadiria. Swala pekee isiyokusanywa na nyingine ni Alfajiri. Haitangulizwi wala haiahirishwi. Basi kwa familia inayochagua saa ya ndege, swali ni moja: Alfajiri itatukuta wapi?

Kwa safari ya Unguja jibu ni rahisi, kwani kutoka KIA ni mwendo wa kama saa moja tu angani. Kwa wanaokwenda mbali, kumtembelea binti aliyeolewa Muscat au kupitia Doha kuelekea Umra, jibu linahitaji fikra. Ndege inayoondoka KIA saa tisa za usiku itakuwa bado angani Alfajiri inapoingia na jua linapochomoza, nanyi mtakuwa mmebanwa kwenye viti, watoto wamelala mapajani, kibla hakijulikani. Inayoondoka alasiri hufika Ghuba usiku. Mtaswali Magharibi na Isha kwa pamoja mkiwa chini, kwa nia mliyoiweka mapema, na Alfajiri itawakuta kitandani. Doha na Jeddah saa zao ni sawa na zetu, Muscat na Dubai wametutangulia kwa saa moja. Msipokuwa na hiari ya saa, masheikh wamekwisha kueleza namna ya kuswali ndani ya ndege. Waulizeni kabla ya safari, si mkiwa angani.

Turudi kwa wale wa Unguja, ambao ndio wengi. Mara nyingi tiketi ya alfajiri huwa nafuu kuliko ya kabla ya adhuhuri, na hapo baba huona ameokoa fedha. Tuchukue mfano wa familia ya watu sita. Tuseme tiketi ya saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ni nafuu kwa shilingi 20,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni akiba ya 120,000. Ili kuiwahi bila kusafiri usiku kucha, familia italala Moshi. Basi la Same hadi Moshi, tuseme 30,000 kwa wote. Vyumba viwili, 80,000. Chakula cha usiku, 40,000. Gari la kuwapeleka KIA usiku, 60,000. Jumla ni 210,000. Wale wa ndege ya saa tano asubuhi wao hukodi Noah moja kutoka Same kwa, tuseme, 150,000, wakaondoka baada ya kuswali Alfajiri nyumbani kwao. Akiba halisi ni 60,000, yaani 10,000 kwa kichwa. Kwa shilingi 10,000 bibi ameamshwa karibu na saa tisa za usiku katika nyumba ya wageni. Kila familia ina uwezo wake, na wapo ambao 60,000 kwao ni ada ya madrasa, hatuwalaumu. Tunachoomba ni kwamba hesabu hiyo ifanywe mezani, kwa shura, mama na wazee wakiwapo, kabla namba ya malipo haijabonyezwa.

Njia ya tatu, ile ya kuondoka Same saa saba usiku ili kuiwahi ndege ya alfajiri, hatuipendekezi. Barabara yetu tunaijua. Juni 28, 2025, hapa Same, eneo la Sabasaba, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha. Allah awarehemu na awape subira waliobaki. Ilikuwa jioni, wala si usiku wa manane. Ikiwa barabara hiyo ni hatari kiasi hicho macho yakiwa wazi, iweje tuikabidhi familia nzima kwa dereva wa Noah ambaye huenda mchana kutwa alikuwa akibeba abiria wa Mwanga na Himo? Watu huiogopa ndege na kuliamini gari, lakini hatari kubwa ya safari hii iko kwenye lami. Mwulizeni dereva jana alilala saa ngapi. Swali hilo si utovu wa adabu.

Saa ya kurudi nayo husahaulika kabisa. Kila mtu huchagua kwa makini saa ya kwenda, na ya kurudi huchukua iliyobaki. Ndege inayotua KIA saa mbili usiku inaileta barabara ile ile ya giza, na safari hii watu wamechoka na fedha zimekwisha. Ndege inayotua kufikia saa nane mchana inawawezesha kuchukua mizigo na kufika Same kabla ya adhana ya Magharibi. Kwa maoni yetu, kama fedha ya ziada ipo ya upande mmoja tu, iwekwe kwenye kurudi.

Kuhusu kampuni ya ndege, hatutampigia debe mtu. KIA ina Air Tanzania na Precision Air kwa safari za ndani, na za nje zipo za kupitia Addis Ababa, Nairobi, Doha na kwingineko. Kinachotofautisha ni masharti, nayo hayasomwi. Je, safari ya kupitia Dar imo katika tiketi moja au ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali? Zikiwa mbili na ndege ya kwanza ikachelewa, kampuni ya pili haidaiwi chochote. Jirani zetu fulani walilala Dar usiku mmoja kwa gharama zao kwa sababu hiyo, na kampuni iliyowachelewesha iliwaombea radhi tu. Tiketi ikibadilishwa tarehe, faini ni kiasi gani? Mtoto aliye chini ya miaka miwili hubebwa mapajani kwa nauli ndogo, lakini akitimiza miaka miwili kabla ya siku ya kurudi atahitaji kiti chake. Malalamiko yasiyosikilizwa na kampuni hupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Weka risiti zote.

Kwa ndege za nje zisizo za nchi za Kiislamu, chakula halali huombwa wakati wa kukata tiketi au angalau siku moja kabla, na kwenye kumbukumbu ya tiketi huandikwa kwa herufi MOML. Zitazameni herufi hizo kwa macho yenu. Mzee asiyeweza kutembea mwendo mrefu aombewe kiti cha magurudumu mapema, hakilipiwi. Dawa za sukari na presha, pamoja na insulini, zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiingie kwenye mzigo unaopelekwa chini ya ndege. Mama mjamzito aliyevuka wiki ya 28 aulize kama kampuni inataka barua ya daktari, kwa kuwa nyingi huitaka.

Na kama baada ya hesabu zote mmeona basi la mchana na boti ndivyo vinavyowafaa, msione haya. Watoto wataiona Korogwe, Wami na bahari, na fedha iliyobaki itawatosha siku mbili zaidi Unguja. Zipo familia zilizogawana vizuri: bibi na mjukuu mmoja wa kumsindikiza wakapanda ndege KIA, wengine wakatangulia kwa basi siku moja kabla ili wawapokee. Bibi huyo wa Gonja, aliyekuwa hajapata kupanda ndege, alibeba makande kwenye kopo dogo kwa hofu ya njaa angani, na wanasema alikuwa bado anayatafuta kijiko alipoambiwa wamefika.